Kuomba ruzuku ya kujiendeleza kimuziki ukiwa Nyanda za Juu Kusini: mwongozo kamili kwa wanaoishi kwa muziki

Mpiga gitaa wa Mbeya mwenye kazi kila wikiendi anaweza kumaliza miaka kumi akipiga nyimbo zile zile za kukopi, kwa mpangilio ule ule, na bado akaitwa fundi. Pesa inaingia, ada za watoto zinalipwa, ila muziki wake mwenyewe umesimama. Hana hata wiki mbili za kukaa na chombo asichokijua, kwa sababu wiki mbili bila shoo ni kodi ya nyumba.

Ruzuku ya kujiendeleza kimuziki inanunua hizo wiki mbili. Hailipii video wala uzinduzi wa albamu, na mabango hayamo kabisa. Inakulipa ujifunze, ujaribu, ukosee na uanze upya. Maombi mengi kutoka mikoa yetu hukwama papo hapo: mtu anaomba fedha ya kutoka kimuziki kwenye mfuko unaotoa fedha ya kukua. Mwongozo huu ni wa hiyo ya pili.

Kwanza, zitenganishe pesa

Kwa msanii wa huku kuna milango ya aina nne, na kila mmoja una lugha yake.

Mkopo unarudishwa. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania unawakopesha wasanii kwa masharti nafuu kwa kushirikiana na benki. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ukitaka spika, mikisa na jenereta ya kukodisha kwenye sherehe, nenda huko, maana vitu hivyo vinazalisha na deni litalipika. Ukitaka miezi minne ya kujifunza, usikope. Kujifunza hakurudishi pesa kwa ratiba ya benki.

Ruzuku hairudishwi, ila inadai hesabu na taarifa. Ukaazi wa wasanii ni mwaliko wa kukaa mahali kwa wiki au miezi ukifanya kazi yako, mara nyingi ukilipiwa malazi na nauli. Halafu kuna mifuko ya safari, inayolipa nauli na viza tu kwa msanii ambaye tayari ana mwaliko mkononi.

Kuona ruzuku safi ya kujiendeleza inavyofanana, mfano mzuri ni ule wa Baraza la Sanaa la England, uitwao Developing Your Creative Practice. Unampa msanii mmoja mmoja kati ya pauni 2,000 na 12,000 kwa ajili ya utafiti, mafunzo, kufanya kazi na mtu mpya au kupata tu muda wa kutunga. Ni wa wanaoishi England, kwa hiyo ukiuona mtandaoni usijihangaishe kuujaza. Usome maelezo yake lakini, kwa sababu mifuko mingi inayofikika kutoka Iringa au Mbeya inauliza maswali yale yale: unataka kubadilika vipi, kwa nini sasa, na nani atakusaidia kufika.

Wazo kabla ya fomu

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko kote. Fomu inajazwa kwa siku mbili. Wazo linaweza kukuchukua mwezi, na mwezi huo haupotei bure.

Wazo la ruzuku ya kukua ni swali la kimuziki ambalo huwezi kulijibu ukiwa pale ulipo. Angalia sentensi hii, ambayo inafanana na nyingi ninazoletewa nizisome: «Mimi ni msanii mwenye kipaji kikubwa kutoka Mbeya, naomba ufadhili nirekodi albamu yenye nyimbo 12 ili niutangaze muziki wa Tanzania duniani.» Hakuna uongo ndani yake, na hakuna swali pia. Anayeisoma ameshasoma nyingine za namna hiyo asubuhi hiyo hiyo, kutoka nchi kadhaa, na kilichobadilika ni jina la nchi.

Sasa hii: «Napiga gitaa la solo kwenye bendi ya kumbi Mbeya. Nataka kukaa miezi minne na wazee wa Iringa wanaopiga ligombo, nijifunze namna wanavyopanga sauti na kugawa mdundo kati ya vidole na uimbaji, kisha nitunge vipande vitano vya gitaa na ligombo. Wapigaji waliobaki ni watu wazima sana, na wanaojifunza kwao ni wachache.»

Hapa kuna mtu, mahali, chombo, muda na sababu ya haraka. Ligombo, kwa asiyelijua, ni ala ya Wahehe na majirani zao: ubao uliochimbwa kama hori, uzi mrefu ukipitishwa kwenda na kurudi juu yake hadi ukawa nyuzi kadhaa, na kibuyu cha kukuza sauti. Mwombaji wetu anaweza kuongeza kwamba Hugh Tracey, mtafiti aliyerekodi muziki wa Afrika, alipopita Tanganyika mwaka 1950 alirekodi muziki wa Wahehe, na kwamba rekodi zake zinahifadhiwa kwenye maktaba ya muziki wa Kiafrika iitwayo ILAM, kule Makhanda, Afrika Kusini. Mstari mmoja wa namna hiyo unamwambia msomaji kwamba umeshaanza kuchimba kabla ya kupewa jembe.

Si lazima liwe jambo la asili. Wengi wanadhani wafadhili wa nje wanataka ngoma na vibuyu tu, na baadhi yao kweli wana ugonjwa huo. Lakini mpiga kinanda wa kanisani Mbalizi anayetaka kujifunza kupanga sauti za ala za upepo kwa ajili ya kwaya ana swali halali kabisa. Vivyo hivyo prodyuza wa Mwanjelwa anayetaka kutoka kwenye biti za kupakua na kuanza kurekodi sauti zake mwenyewe: mashine za kusaga, mnada, treni ya TAZARA. Hata mwimbaji wa kike aliyechoka kuwa mwitikiaji miaka yote na sasa anataka kutunga na kuongoza bendi ana wazo linalosimama, tena lenye nguvu.

Ukitaka kulipima wazo lako, msimulie mwanamuziki mwenzako bila kutaja pesa. Akikuuliza swali la muziki, uko njiani. Akikuuliza «wanatoa shilingi ngapi?», rudi ukalichonge.

Andika kwanza kwa Kiswahili, hata kama fomu ni ya Kiingereza au Kifaransa. Ukianza na lugha ya kuazima utaishia kuandika maneno uliyoyasikia kwenye semina. Ukimaliza, mpe anayeijua vizuri hiyo lugha akutafsirie, na umkataze kupamba. Kisha mwambie akusomee kwa Kiswahili kile alichoandika. Kama humo «nimejifunza kwa kusikiliza» imegeuka kuwa mafunzo rasmi ya muziki wa jadi, ifute. Kwenye usaili utaulizwa cheti.

Watu walio ndani ya wazo

Kama mradi wako unamtegemea mzee wa kijijini, nenda ukamwone kabla ya kuandika jina lake popote. Na usiende masika. Kati ya Novemba na Aprili barabara za ndani za Kilolo, Mufindi na Makete ni utelezi mtupu, na mzee mwenyewe yuko shambani. Kuanzia Juni njia zinakauka na mavuno yanaelekea mwisho, watu wana nafasi ya kukaa. Chukua sweta.

Ukifika, salamu yako ya Kamwene isiwe ya haraka. Eleza umetoka kwa nani, unataka kujifunza nini, na kwamba unaomba pesa ambayo bado hujaipata na huenda usiipate. Hilo la mwisho liseme waziwazi, mara mbili ikibidi. Vijiji vyetu vimeshapitiwa na watu wengi wenye daftari walioahidi na hawakurudi. Kisha kubalianeni mambo matatu: atalipwa kiasi gani kwa kikao, jina lake litatajwaje, na nini kitafanyika iwapo wimbo aliokufundisha utakuja kuingiza pesa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu yake kuhusu sanaa za jadi, lakini makubaliano ya ana kwa ana mbele ya shahidi ndiyo yanayozuia ugomvi. Kama haandiki, rekodi sauti yake akikubali, taja tarehe na mahali, na umwachie nakala kwenye simu ya mjukuu wake.

Mifuko mingi itakutaka uwe na barua moja au mbili za watu wanaoijua kazi yako. Chagua anayekujua kweli. Barua ya mwalimu wako wa kwaya inayosema «nimemwona akirudia kipande kimoja wiki nzima mpaka kikakaa» ina uzito kuliko ya mheshimiwa inayosema wewe ni kijana mwadilifu. Mpe huyo mwandishi wa barua angalau wiki mbili, na umpe nakala ya wazo lako asiandike kwa kubahatisha.

Vipande vya kazi

Andaa vitatu. Anza na kile kilicho bora kabisa, maana wengi wa wanaosikiliza wanaamua ndani ya dakika ya kwanza. Utangulizi wa sekunde 40 wenye sauti ya DJ ukitaja jina la studio, uondoe.

Angalau kimoja kiwe cha moja kwa moja, ala na sauti zikisikika bila kusahihishwa na mashine. Simu inatosha ukiilaza, ukaiegemeza mahali pasipotikisika, ukazima feni na ukasogea karibu na ukuta wenye pazia. Rekodi asubuhi kabla bodaboda hazijaamka, na usifanye hivyo chini ya bati wakati wa mvua. Sauti safi ya mtu mmoja na gitaa inamshinda mtu mwenye bendi nzima iliyorekodiwa mbele ya spika zinazokoroma.

Usitume faili kwa WhatsApp kisha ukaipakua na kuipandisha tena, kwa sababu inabanwa na ubora unakufa njiani. Ipandishe kutoka kwenye simu au kompyuta iliyorekodi. Kama wimbo haujatoka, uweke mahali unapofunguka kwa mwenye kiungo tu, na ujaribu kiungo hicho kwenye simu ya mtu mwingine. Kiungo kinachodai nywila ni maombi yaliyokufa, hakuna atakayekupigia simu kukuuliza.

Wasifu uwe aya moja ya maneno 150 hivi. Umeanza wapi, umepiga na nani, umefanya nini miaka miwili ya karibuni. Kupiga kumbi na harusi kuandike bila aibu: hiyo ndiyo ajira yako, na inathibitisha kwamba wewe ni mwanamuziki wa kulipwa.

Makaratasi

Haya ni ya kuchosha lakini yanafanyika mara moja. Kitambulisho cha NIDA. Usajili wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Anza kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yako, awe wa Jiji la Mbeya au wa Manispaa ya Iringa, kwa sababu ni yeye pia utakayemhitaji baadaye kwa barua ya utambulisho vijijini. Nambari ya mlipakodi kutoka TRA, na ukiwa hapo uliza ruzuku utakayopokea itahesabiwaje. Kazi zako zisajili Ofisi ya Hakimiliki (COSOTA) kabla hujazisambaza.

Akaunti ya benki iwe na jina lile lile lililo kwenye kitambulisho na kwenye fomu. Jina la jukwaani halipokei pesa. Jina likitofautiana hata kwa herufi moja, pesa kutoka nje inaweza kukaa wiki nzima ikihojiwa. Na pasipoti, ambayo ada yake ni shilingi 150,000, usiisubiri mpaka mwaliko uje: ofisi za Uhamiaji ziko mikoani, ila viza za nchi nyingi utazifuata Dar es Salaam, na kutoka Mbeya hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 800 kwenda tu.

Kama ninyi ni kikundi, mna katiba na muhtasari wa kikao? Bila hivyo, aombe mtu mmoja kwa jina lake na awaandike wengine kama washirika wanaolipwa. Ni rahisi zaidi na ugomvi unapungua.

Bajeti

Wasanii wetu wengi wanaombea pesa kidogo mno kwa kudhani unyenyekevu utawapatia. Anayesoma bajeti iliyopungua anaona mradi utakaokwama katikati.

Tuchukue yule mpiga gitaa wa ligombo. Viwango hivi ni vya mfano, wewe weka vya kwako:

Mzee mwalimu, vikao 12 kwa 40,000: 480,000
Mkalimani wa Kihehe, siku 8 kwa 25,000: 200,000
Nauli na malazi, safari 4 kwa 150,000: 600,000
Kutengenezesha ligombo mbili kwa 120,000: 240,000
Posho ya mwanamuziki mwenyewe, miezi 4 kwa 500,000: 2,000,000
Studio kwa rekodi za majaribio, siku 3 kwa 150,000: 450,000
Onyesho dogo kijijini na jingine mjini: 300,000
Intaneti, uchapaji na makato ya benki: 130,000
Dharura, asilimia 5: 220,000
Jumla: shilingi 4,620,000

Mstari mkubwa kuliko yote ni posho yake mwenyewe, na huo ndio watu wanauogopa. Usiufute. Juni hadi Oktoba ni kiangazi, ndicho kipindi cha kwenda vijijini, na ndicho pia kipindi cha harusi baada ya mavuno, wakati bendi inaingiza pesa kuliko miezi yote. Ukienda Kilolo Julai, unaacha harusi za Julai. Liandike hivyo hivyo kwenye maelezo ya bajeti: «Kwa wastani napiga sherehe nne kwa mwezi kipindi hiki, posho inafidia kazi nitakazoziacha.» Mfadhili wa ruzuku ya kukua anaelewa lugha hiyo, kwa sababu kununua muda wako ndiyo kazi yake.

Soma masharti lakini. Mifuko mingine haikubali posho ya mwombaji, mingine haikubali vifaa, na mingine inaweka kikomo cha vifaa. Ligombo mbili zinapita kama nyenzo za kujifunzia. Gitaa jipya la umeme linaweza kuonekana kama ndiyo sababu halisi ya kuomba. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, wa kumkarimu mwenyeji usiuandike, toa mfukoni.

Kama bajeti inatakiwa kwa dola au euro, andika kiwango cha kubadilishia ulichotumia na tarehe yake. Usizungushe kila namba kuwa laki kamili, maana bajeti iliyojaa sifuri inaonyesha haikufanyiwa ulizo. Piga simu studio, uliza fundi, kisha andika.

Wapi pa kugonga hodi

Mfuko wa Prince Claus wa Amsterdam una tuzo za mbegu (Seed Awards) za euro 5,000 kwa wasanii walio katika miaka mitano ya kwanza ya kazi yao, katika nchi za Afrika, Asia, Amerika ya Kusini na kwingineko. Tuzo hiyo haikubani kwa matumizi, jambo ambalo ni nadra sana, na ndiyo maana ushindani wake ni mkali. Kama una miaka 15 jukwaani, siyo yako, usijipunguzie umri.

Music In Africa, taasisi yenye makao Johannesburg, ina tovuti ambako unafungua ukurasa wako bure na kukuta miito ya maombi kutoka bara zima. Mkutano wao wa ACCES ulifanyika Dar es Salaam mwaka 2022 na tena 2023. Mtandao wa On the Move unakusanya miito ya ukaazi na nauli za wasanii duniani na kuitoa bila malipo. Jiwekee siku moja kwa wiki ya kuipitia. Kuna pia African Culture Fund ya Bamako, inayotoka Afrika kwenda kwa Waafrika, ifuatilie hiyo.

Goethe-Institut, kituo cha utamaduni cha Ujerumani, na Alliance Française, cha Ufaransa, ziko Dar es Salaam. Zote mbili huelekea zaidi kwenye kazi zenye mshirika wa nchi zao: mfuko wa Goethe wa kazi za ushirikiano wa kimataifa unahitaji mshirika aliyeko Ujerumani. Kama kuna mtafiti au mwanamuziki wa huko mliyefahamiana alipopita Tukuyu au Iringa, huu ndio wakati wa kumwandikia.

Mfuko wa UNESCO wa Kimataifa wa Utofauti wa Kitamaduni unafika hadi dola 100,000, ila ni wa asasi na taasisi, si wa mtu binafsi. Pesa kubwa za namna hiyo kwako zinapita mgongoni mwa taasisi. Iringa tuna ushahidi: Boma, ile hospitali ya zamani ya Wajerumani, lilifunguliwa kuwa makumbusho na kituo cha utamaduni mwaka 2016 kupitia mradi wa Chuo Kikuu cha Iringa kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Hakuna mwanamuziki mmoja ambaye angezipata zile. Lakini mradi kama huo ukiwepo, unahitaji watu wa muziki, na wanaoitwa ni wale ambao waratibu wanawajua kwa majina. Jitambulishe kabla ya mradi kuja.

Halafu kuna njia zisizoitwa ruzuku. Chuo cha muziki cha Dhow Countries, Mji Mkongwe Zanzibar, na TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo, vinafundisha, na mafunzo hayo yanaweza kuwa ndiyo mradi wenyewe unaouombea pesa. Sauti za Busara, tamasha la Zanzibar lililoanza mwaka 2004, linachagua wasanii kwa maombi na linataka muziki wa moja kwa moja, si wa kuimbia juu ya sidii. Ukipata nafasi pale, maombi yako yajayo yanasomwa kwa jicho jingine. Hata Tamasha la Ngoma za Jadi la Tulia pale Tukuyu lina faida hiyo: picha na ratiba yenye jina lako ni ushahidi wa kazi.

Anayekutaka ulipe ada ya fomu kwa namba ya simu ya mtu binafsi ni tapeli, hata kama nembo yake inang'aa.

Kutuma

Mwisho wa kupokea maombi ukiandikwa saa 23:59 kwa saa za Ulaya ya Kati, kwetu ni saa saba na dakika 59 usiku wakati wa baridi yao, na saa sita na dakika 59 wakati wa kiangazi chao. Sasa sahau hesabu hiyo, tuma siku tatu kabla. Umeme ukikatika Uyole saa tatu usiku huku faili ya video iko asilimia 60, hakuna utakayemlalamikia. Hifadhi majibu yako kwenye faili lako kabla ya kuyabandika kwenye fomu ya mtandaoni, na upige picha ya skrini inayosema maombi yamepokelewa.

Ukiitwa kwenye usaili wa Zoom saa 11:00 Afrika Mashariki, hiyo ni saa tano asubuhi. Kuna watu wamekaa tayari saa kumi na moja jioni, wamevaa vizuri, wanaangalia skrini tupu. Tafuta sehemu yenye mtandao wa uhakika siku moja kabla, uweke ala yako karibu. Mara nyingi swali la «unataka kujifunza nini hasa?» linajibiwa vizuri kwa kupiga mapigo mawili: hivi ndivyo ninavyofanya sasa, na hapa ndipo vidole vyangu vinapogoma. Kama Kiingereza kinakusumbua, omba mkalimani mapema. Wengi wanakubali.

Pesa ikiingia

Soma mkataba wote kabla ya kusaini, hasa awamu za malipo. Kwa kawaida sehemu ya mwisho inalipwa baada ya taarifa kupokelewa, kwa hiyo usipange kulipa studio kwa pesa hiyo. Kama unaweza, fungua akaunti ya pembeni ya mradi. Ruzuku ikilala pamoja na pesa ya nyumbani, itaamka ikiwa ada ya shule.

Weka risiti zote na zipige picha siku hiyo hiyo, kwani karatasi za mashine zinafifia. Mzee wa Kilolo hana mashine ya risiti. Mwandalie hati ya malipo: tarehe, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, kazi iliyofanyika, jina, sahihi au dole gumba, na shahidi. Mtendaji wa kijiji akigonga muhuri, ni bora zaidi.

Mambo yakibadilika, andika kabla. Mzee akiugua, ukaamua kuhamia kwa mpigaji mwingine Kalenga, mtumie mratibu barua pepe ya mistari mitano ukieleza na kuomba ridhaa. Mabadiliko yaliyoombewa ruhusa hayana shida. Yanayogunduliwa kwenye taarifa ndiyo yanayokufungia mlango.

Taarifa yenyewe iwe ya kweli. Kama kati ya vipande vitano vilivyoahidiwa vimesimama vitatu, sema vitatu, eleza viwili vilishindikana wapi, na uambatanishe rekodi zake mbovu. Ruzuku hii iliombwa kwa ajili ya kujaribu.

Ukikataliwa

Utakataliwa, na mara nyingi jibu litakuwa barua ya kawaida isiyo na sababu. Andika kwa heshima uombe maoni. Mifuko michache inajibu, na maoni hayo ni ya thamani. Kisha angalia kama wazo lilikuwa dhaifu au mlango haukuwa wako. Wazo la ligombo likikataliwa na mfuko unaotaka wasanii wa video, halina ubaya wowote. Badilisha aya ya kwanza, sahihisha viwango vya bajeti, weka rekodi mpya, na ulipeleke kwingine. Soma kwanza kama mfuko uliokukataa unaruhusu kuomba tena mwaka unaofuata, kwa sababu mingine inaruhusu na mingine inakutaka upumzike duru moja.